Siku Tuliyofagia Ushahidi

Mheshimiwa wetu hapendi niseme kwamba mimi ndiye niliyemfikisha bungeni. Lakini kwa kuwa yeye yuko vikaoni na mimi niko hapa na kalamu, nitasema. Nilimfikisha mimi, kwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la usafi.

Kabla ya kuwa mheshimiwa alikuwa wakili wa haki za binadamu, na sisi tulimwita Bi Wakili. Ni mzaliwa wa Malindi mjini, kule kwa watu wa Kiswahili kilichonyooka, ambao hata wakikutukana unaitikia amina. Sisi ni Wagiriama wa nyuma ya Gongoni, watu wa mihogo na minazi, na Kiswahili chetu kina mawe ndani yake kama mchele wa msaada. Mimi mchana nilikuwa nakwangua chumvi kwenye mabwawa, na jioni nakwenda ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, kukaa kwenye dawati lililotengenezewa makalio ya mtoto wa miaka tisa. Nilipata cheti cha kidato cha nne nikiwa na mvi kidevuni, binti yangu wa kwanza akiwa amenitangulia kukipata chake. Wiki nzima nilitembea na kile cheti, hata chooni nilikwenda nacho. Wenzangu wa chumvini wakanibandika jina la Profesa, na mpaka leo kuna watu kwetu wanaoamini kwa dhati kwamba nilifundisha ng'ambo. Sijawahi kuwasahihisha.

Shida iliyomleta Bi Wakili kwetu ilikuwa ardhi. Alitokea mwekezaji, mtu wa mbali, akiwa na karatasi inayosema kuwa kijiji chetu chote ni chake. Kwa maelezo yake, pale palikuwa pori tupu, na sisi tulikuwa maskwota tuliofika juzi, tukajikunyata kwenye mali ya mtu. Mama yangu anaishi pale. Baba yangu amelala pale, na baba yake yuko kando yake, kwenye makaburi yasiyo na jiwe ambayo mvua zimeshayasawazisha. Mahakama ikikubali maneno ya yule bwana, mama angefungashwa na sufuria zake akawekwe kando ya barabara.

Siku ya kwanza Bi Wakili alifika na kigari kidogo kilichokohoa hivi kwamba kuku wa Mambrui, nasikia, walikimbilia Lamu. Akashuka na buibui lake, akavua viatu, akaketi mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kwa mama yangu hilo si swali, ni mtihani. Akamletea sima ya muhogo na mchunga, ile mboga chungu ambayo wageni wa mjini huila mara moja katika maisha yao, kisha huitaja kwa huzuni. Bi Wakili akala. Jasho likamtoka puani, akala. Halafu akaomba kuongezewa. Mama akanigeukia akasema kwa Kigiriama kwamba huyu, hata tukishindwa kesi, tumepata mtu.

Kazi yake aliifanya kwa njia ambayo sijaiona kwa wakili mwingine. Kila mwenye maneno aliketishwa, maneno yake yakaandikwa kwenye daftari, kisha akasomewa kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka mwenyewe aseme, "Hayo ndiyo." Asiposema, mstari unarudiwa. Siku hiyo aliuliza ni nani kijijini anayejua kuandika. Nikasema mimi. Nikamletea cheti. Alikisoma chote, mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. Ningeweza kumfia pale pale.

Basi nikaandika maneno ya mama. Bi Wakili akayasoma: "Nilipoolewa hapa nilipanda minazi elfu kumi..."

"Nani kasema elfu kumi?" mama akamkatiza.

"Imeandikwa hapa, mama."

"Ni kumi na minne. Na miwili ililiwa na mchwa."

Watu wakaniangalia. Nikaangalia paa. Bi Wakili akachora mstari juu ya ile elfu kumi yangu nzuri, akasema, "Profesa, chumvi tuwaachie wenye mabwawa. Wakili wa upande wa pili akiushika mnazi mmoja wa uongo, atang'oa yote iliyobaki."

Nikaitikia vizuri sana. Kuitikia ni rahisi.

Kesi ikaenda Malindi, ikarudi, ikaenda tena. Bi Wakili akawa amepita kwetu mara nyingi hata mbwa wakaacha kumbwekea. Mwisho jaji akasema atakuja mwenyewe kuiona ardhi inayogombaniwa. Bi Wakili akapiga simu kwangu: "Alhamisi asubuhi jaji anakuja kuona mnavyoishi. Wote muwepo." Alisema hivyo tu. Mwenye kosa si yeye. Yeye ni mtu wa mjini, hakujua kwamba kwetu ukimwambia mtu "mgeni mkubwa anakuja," umemwambia ashike ufagio.

Kamati ikaundwa, na mwenyekiti, nani mwingine, akawa Profesa. Kwa siku tatu hakulala mjusi katika kijiji kile. Tulifyeka. Tulichoma. Tulifagia mpaka ardhi ikaanza kuonyesha mbavu. Palikuwa na visiki vya minazi ya zamani, ile aliyoipanda babu yangu, vimelala kila mahali kama walevi, tukaving'oa. Palikuwa na kilundo cha udongo uliokuwa ukuta wa nyumba ya bibi yangu, tukakisawazisha. Mafiga yake matatu, meusi kwa masizi, tukayabingirisha. Kinu kilichopasuka, vigae vya mitungi, jiwe la kusagia lililoliwa katikati kama sabuni, vyote, pamoja na visiki na mafiga, tukavitupa kwenye shimo la udongo nyuma ya kijiji. Kisha tukaezeka nyumba zote upya kwa makuti mabichi. Mimi mwenyewe nilipanga mawe njiani, nikayapaka chokaa, yakasomeka KARIBU JAJI. Nadhani hata wenye ndege waliyasoma.

Alhamisi jaji akafika, mzee mkimya mwenye miwani, pamoja na karani wake, mwekezaji, na wakili wa mwekezaji. Huyo wakili alikuwa kijana mtanashati, viatu vinang'aa kiasi cha kujinyolea. Alitazama kijiji chetu kilichotakata. Akatabasamu. Nikadhani amependezwa.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "mimi sina haja ya maneno mengi. Tazama makuti yale, bado ni mabichi. Tazama uwanja huu, umefyekwa juzi. Minazi hiyo iliyosimama huota hata porini pasipo mtu. Wanasema wameishi hapa tangu enzi za babu zao. Iko wapi alama moja ya babu? Hapa pana umri wa wiki moja."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Bi Wakili akaomba dakika tano. Akanivuta nyuma ya nyumba ya mama.

"Mmefanya nini?"

"Tumefagia."

"Mafiga ya bibi yako yako wapi?"

"Tumeyatupa."

"Kinu?"

"Nacho."

"Visiki? Vile nilivyovihesabu mwenyewe, nikaviandika?"

"Bi Wakili, palikuwa pachafu."

Akafumba macho. Sikutaka kuisubiri hasira yake, nikaharakisha kuleta dawa. "Hakijaharibika kitu," nikamwambia. "Tuseme watu wa mwekezaji walikuja wakavunja. Kijiji kizima kitaapa. Mimi nitaanza."

Akafumbua macho. "Ukisema hivyo, mimi naingia kwenye gari langu naondoka, na sitarudi."

"Lakini mama atatolewa!"

"Najua. Nampenda mama yako kuliko unavyodhani. Lakini nikishinda kwa uongo, wao wana waongo waliosomea. Utasimama mbele ya jaji useme mlichofanya. Vile vile kilivyokuwa. Usiongeze hata unyasi."

Jamani, mimi nimebeba magunia ya chumvi kwenye jua linalokaanga yai, nimefanya mtihani wa hesabu nikiwa na homa, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama kusema jambo jinsi lilivyo mbele ya watu. Nikaapishwa pale uwanjani, nimesimama kati ya KARIBU na JAJI. Nikasema: tulifyeka, tuling'oa, tulitupa. Nikakaa kimya. Kimya changu kiliwashangaza ndugu zangu, mmoja akauliza kama naumwa.

Wakili mtanashati akanijia.

"Nani aliwaamuru?"

"Hakuna. Mgeni alikuwa anakuja."

"Mlikuwa mnaficha nini?"

"Uchafu."

Watu wakacheka. Jaji akainama kuandika, nikaona bega lake likitikisika.

"Hivyo visiki unavyodai vilikuwepo, vilikuwa vingapi?"

Naapa, ulimi wangu ulikuwa umeshaishika mia tatu. Ilikuwa imekaa pale mbele ya meno, imevaa, iko tayari kutoka. Nikamwona mama amesimama pembeni ameshika leso yake mdomoni. Nikameza.

"Kumi na kimoja," nikasema.

"Kumi na viwili!" mama akapaza sauti. "Kimoja kilikuwa kwenye mbigili, wewe hukukiona, nilikitoa mimi!"

"Mama, zamu yako bado," jaji akasema, lakini kwa upole. Kisha akanigeukia. "Hivyo vitu mlivitupa wapi?"

Tukamwongoza mpaka shimoni. Mahakama nzima ikasimama ukingoni kutazama takataka: jaji, karani, mwekezaji na wakili wake wa viatu vinavyong'aa. Bi Wakili hakungoja mtu. Alilikunja buibui lake, akateremka mwenyewe shimoni, akaanza kutoa kimoja kimoja na kukiweka juu. Wakili wa mwekezaji akalalamika kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo. Jaji akamjibu kwamba hata yeye hajaona, na ndiyo maana anataka kuona.

Zamu ya mama ikafika. Hakuna aliyemfundisha. Kila kitu kilipowekwa chini alikitaja kama anataja wanawe. Hiki kinu kilipasuka siku ya harusi yangu, wifi yangu alikuwa akitwanga kwa hasira, hakunitaka. Hili jiwe ni la mama mkwe, yeye mwenyewe alilikuta kwa mama mkwe wake. Hiki kisiki ni cha mnazi uliopigwa na radi, ndio maana ni cheusi huku, kigeuze uone, baba. Jaji akakigeuza. Kilikuwa cheusi. Akachukua figa moja, akalipitishia kidole, akautazama ule weusi kidoleni mwake kwa muda, wala hakuufuta.

Hukumu ilichukua misimu miwili ya mvua. Iliposomwa kule Malindi, jaji alisema kwamba watu waliotunga uongo wasingetupa ushahidi wao wenyewe shimoni kisha waje kukiri. Tukashinda. Kelele tuliyopiga siku ile iliwaamsha samaki wa Watamu.

Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kushinda kuna ghorofa. Hukumu tulikuwa nayo, hati miliki hatukuwa nazo. Tukienda ofisi ya ardhi, faili lilikuwa kwa bwana fulani. Bwana fulani yuko likizo. Karudi, faili limekwenda Nairobi. Likarudi Nairobi, ukurasa mmoja umebaki huko kupunga upepo. Huku mwekezaji akipita na gari lake polepole, anatazama, hasemi kitu. Mama akaacha kupanda. "Nipande nini," alisema, "nisichojua ni nani atakayekivuna?" Bi Wakili aligonga kila mlango. Siku moja aliketi mkekani kwa mama, akala mchunga wake kimya kimya, akasema, "Mahakama nimeimaliza. Mlango uliobaki unafunguliwa kwa ndani tu."

Wanawake wa kijiji hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walipanda lori wakaenda Malindi, wakaketi barazani kwa kina Bi Wakili, wakamwomba agombee ubunge. Akakataa. Mama yake mzazi, bibi mtu mzima, akawaambia kwa kile Kiswahili chao, "Wanangu, siasa itamvua stara mtoto wangu." Wakarudi tena mwezi uliofuata. Mama yangu safari hii alimwambia yule bibi: "Mwenzangu, mtoto wako alishaingia kwenye jalala kwa ajili yetu, na stara yake ilitoka nzima." Yule bibi akacheka, akaagiza kahawa. Likaisha.

Kampeni ilikuwa vita vya maneno. Mjini wakasema amewauza kwetu sisi watu wa mashambani. Kwetu wengine wakasema, "Huyu wa baraza na halua, atajua nini muhogo?" Wapinzani waligawa leso mpaka nchi nzima ikawa na rangi moja. Mkutanoni mwanamke mmoja akamuuliza waziwazi, "Na wewe, hata leso?"

"Leso yangu nitakayokupa ni hii niliyovaa," akajibu, "na ukiichukua nitahutubia vipi?" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko.

Tabia yake ya daftari alikwenda nayo. Hakuahidi jambo mpaka mimi niliandike na kulisoma tena mbele ya watu. Nikiongeza, ananipokonya kipaza sauti. Ilipofika kura, nasema tulishinda kwa kura milioni. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa na maoni mengine, ya kubana sana, lakini tulishinda.

Sitasema kwamba bunge halikumgusa. Simu yake ikaanza kupokelewa na msaidizi mwenye sauti ya benki. Kigari kikapumzika, akawa anakuja na gari lisilokohoa, na kuku wakabaki na mazoea yao bure. Siku moja nilimwona kwenye picha gazetini ameketi meza moja na yule wakili wa mwekezaji, ambaye naye alikuwa ameingia siasa, wanacheka mpaka meno ya nyuma. Niliumia. Alipokuja Gongoni nilimfuata, sikumwita mheshimiwa.

"Bi Wakili, umekula nini kwa yule?"

Hakukasirika. Alionekana amechoka, macho yamevimba. "Mahakamani nilikuwa na haki ya kumkasirikia," akasema. "Kule ninahitaji mkono wake uinuke siku faili lenu litakapopigiwa kura kwenye kamati. Nimecheka kichekesho chake, Profesa. Hakikuwa hata kizuri."

Nilirudi nyumbani bado nimenuna. Sikujua kama ninamwamini. Ni baadaye, mkono wa yule bwana ulipoinuka kweli, ndipo nilipoanza kufikiria ni vichekesho vingapi vibaya amevila huko kwa ajili yetu, huku sisi tukilalamika kwamba hapokei simu.

Kisha hati zikatoka. Habari ilipofika kwamba zitatolewa kwenye uwanja wa shule, tulijiandaa kama kawaida yetu: hema, ngoma, kiti chenye mto kwa ajili ya Mheshimiwa. Kwetu wanasiasa ndio hugawa hati. Mkubwa husimama jukwaani, anashika upande mmoja wa karatasi, wewe unashika wa pili, mnatazama kamera, na picha hiyo unaitundika ukutani juu ya kitanda. Mama alishachagua mahali pa kuitundika.

Mheshimiwa akafika, akasalimu, akakiona kile kiti, akaenda kuketi kwenye nyasi na akina mama. Jukwaani hakupanda. Ofisa wa ardhi alikuwa na meza yake kivulini, na foleni.

Mama akamwendea. "Mwanangu, nimevaa hivi kwa ajili yako. Nipe kwa mkono wako tupigwe picha."

"Picha tutapiga, mama, mpaka uchoke. Lakini hati sikupi."

"Kwa nini? Si wewe uliyeileta?"

"Nikikupa mimi leo, kesho atakuja mwingine aseme amekupa yeye, na keshokutwa atakuja wa kusema anaitwaa. Hii haikuwa yangu hata siku moja. Nenda kachukue kitu chako pale kilipo."

Wazee wa ukoo walikuwa wamesimama nyuma. Mmoja wao akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika Somalia, kwamba atakayekwenda ni mimi, mwana wa kiume, jina liandikwe langu. Mheshimiwa alinitazama tu. Nami, nawaambia ukweli mtupu usio na hata punje ya chumvi, nilikuwa nimeshapiga hatua moja kuelekea ile foleni.

Nikairudisha nyuma.

"Aliyepanda minazi ni yeye," nikasema.

Mama akaenda mwenyewe. Alisimama kwenye foleni kwa muda mrefu, jua likampata, akakataa kiti, akamkemea bwana mmoja aliyejaribu kupenya mbele yake. Zamu yake ilipofika alitoa kitambulisho kutoka kwenye fundo la leso, akaweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Akarudi anatembea taratibu, ameibeba ile karatasi kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba maji.

"Inasemaje?" akaniuliza.

Nikaisoma. Ilikuwa na jina lake, namba, na ukubwa wa shamba. Sikuongeza kitu.

"Na mahali inaposema hawatanitoa, ni wapi?"

"Ni yote, mayo. Yote inasema hivyo."

Akaitazama tena, juu mpaka chini. Akaikunja ndani ya leso, akafunga fundo, akamwita Mheshimiwa kwa kidole kama anavyowaita wake za wanawe.

"Umekula?" akamuuliza. Kisha, kabla hajajibiwa, akanigeukia: "Na wewe tafuta bodaboda. Kuna miche ya minazi inauzwa pale njia panda, na mvua iko karibu."